Safari ya Kongwa Bila Vyuma

Katika mwezi wa Septemba, wakati pepo za Ugogo zivumapo na vumbi kuingia hata katika masanduku yaliyofungwa, sisi wawili twalifunga safari kutoka Dodoma kwenda Kongwa kwa baisikeli, mwendo upatao kilomita 90. Mizigo yetu ilikuwa vitabu vya shule, blanketi moja moja, maji ya kunywa, pampu, gundi, na vipande vya mpira mkuukuu vya kutilia viraka. Chuma cha kung'olea mpira wa gurudumu hatukuchukua hata kimoja, wala bisibisi, wala spana. Jambo hilo twalilifanya kwa kusudi, nalo ndilo tutakalo kuwaeleza, kwa maana twaona lafaa nyumba nyingi zenye baisikeli moja na watu wengi waitegemeao.

Asili yake ni fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mti karibu na soko la Majengo, huko Dodoma. Siku moja twalimwona akiutoa mpira wa nje kwa mikono mitupu, kama mtu amenyaye chungwa. Twalimwuliza, "Mzee, vyuma vyako viko wapi?" Akacheka, akasema, "Wanangu, chuma ni cha mtu mwenye haraka. Mpira huu uliumbwa utoke kwa mikono. Atumiaye bisibisi huziba tundu moja akatoboa mawili." Twalimwomba atufundishe, akakubali, nasi twalikwenda kwake asubuhi tatu, tukifungua na kufunga gurudumu moja lile lile hata vidole vikauma. Basi twalitaka kujua kama elimu ile itafaa njiani pia, mbali na kivuli chake, kwa mikono isiyokomaa kama ya kwake.

Twaliondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mji wa Dodoma umekuwa mkubwa sana. Reli ya kwanza ilifika hapo mwaka 1910, na mwaka 1973 ikakatwa shauri kwamba uwe makao makuu ya nchi. Tena mwaka 2024 abiria walianza kufika kwa gari moshi la umeme kutoka Dar es Salaam, ingawa moshi wenyewe haupo tena. Kwa upande wa mashariki twalipita Ihumwa na Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali, majumba marefu yakisimama mahali palipokuwa na vichaka na mashamba ya mtama. Malori yalikuwa mengi mno, na kila moja lilipopita twalishika usukani kwa nguvu tusisukumwe na upepo wake.

Jua lilipopanda kidogo twalifika Buigiri, jirani ya Chamwino penye Ikulu. Hapo pana shule ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950. Twalisimama kunywa maji, tukafikiri habari ya watoto wasomao kwa ncha za vidole, wakitambua vinundu vidogo vya karatasi ambavyo sisi wenye macho twavipapasa tusijue ni nini. Hatukudhani ya kuwa kabla ya saa sita sisi nasi tutakuwa tukitafuta kitu kwa vidole, na macho yasitusaidie.

Nchi ya Ugogo ni nchi ya miiba. Mvua yake ni chache, nayo hunyesha kwa miezi michache tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo mimea mingi hujilinda kwa kuwa na majani madogo na miiba mirefu. Mgunga una miiba myeupe iliyonyoka kama sindano za kushonea magunia. Lakini adui mkubwa wa baisikeli si mgunga, ni mbigili. Huu ni mmea mdogo utambaao chini, wenye maua ya manjano, mzuri kuutazama wakati wa mvua. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vipande, na kila kipande kina miiba. Nacho kikianguka, namna yoyote kiangukavyo, mwiba mmoja huelekea juu. Ng'ombe huvichukua katika kwato, upepo huvitawanya, na njia yote ya watu na mifugo hujaa vitu hivyo vidogo visivyoonekana.

Baada ya kupita Manchali twaliacha barabara ya lami kwa ajili ya malori, tukashika njia ya vijijini iendayo upande wa kusini mashariki. Haukupita muda mwingi, gurudumu la nyuma la mmoja wetu likaanza kulegea. Twalishuka penye kivuli cha mbuyu, tukapindua baisikeli, tandiko na usukani chini, magurudumu juu. Na tueleze kazi yenyewe kwa taratibu, mtu aweze kuifuata.

Neno la kwanza ni hili: gurudumu halitolewi. Wengi hudhani ya kuwa kuziba pancha lazima kuondoa gurudumu zima, na gurudumu la nyuma, lenye mnyororo na breki, halitoki pasipo spana. Lakini tundu huzibwa na gurudumu likiwa mahali pake. Hutolewa upande mmoja tu wa mpira wa nje, ndipo mpira wa ndani, ambao mafundi huuita tyubu, huvutwa nje kama utumbo wa kuku.

Pili, upepo wote sharti utoke. Twalifungua kwa vidole kofia ya valvu, tukachomoa kijiti cha ndani, tukaubana mpira kotekote hata usipumue tena. Upepo kidogo ukibaki, mpira hushikamana na ringi nawe utashindana nao bure.

Tatu ndiyo siri yote. Mpira wa nje una kingo mbili, na ndani ya kila ukingo mna waya mgumu usiovutika. Mtu akivuta ukingo ule kwa nguvu ili uvuke ukuta wa ringi, hauvuki, kwa kuwa waya haurefuki hata kwa unene wa unywele. Lakini itazameni ringi yenyewe. Haiko sawasawa ndani. Katikati yake mna mfereji wenye kina kuliko pembeni. Ukingo ukisukumwa mfereji ule, hukaa chini zaidi, na ulegevu hupatikana kwa upande wa pili. Yule fundi mzee alitufundisha kwa mfano wa bangili. Alisema, "Bangili ya shaba haivutiki. Mwanamke aivaaje? Hukunja gumba lake ndani ya kiganja, mkono ukawa mwembamba, bangili ikapita. Basi mfereji huo ndio gumba lililokunjwa."

Kwa hiyo twalizunguka gurudumu lote, tukisukuma kingo mbili mpaka zikaanguka mferejini. Kisha twalianza mahali palipoelekeana na valvu, mikono miwili pamoja, mmoja huku na mmoja huku, tukiubana mpira na kuuburuta kidogo kidogo kuelekea valvu, mara ya kwanza, mara ya pili, hata ya tatu. Kila mara twaliona ulegevu ukikusanyika mbele ya mikono, kama maji yanavyosukumwa ndani ya kiriba. Twalipofika penye valvu twalisukuma mpira kando kwa magumba, na ukingo mmoja ukavuka ukuta wa ringi. Ulipokwisha kutoka kiasi cha shubiri moja, uliobaki ulifuata wenyewe kwa kidole.

Mtu atauliza, kwa nini penye valvu? Kwa sababu valvu hukaa katikati ya mfereji, na hapo ukingo hauwezi kushuka. Pahali pengine pote ukingo huweza kuzama, pale peke yake hauzami. Kwa hiyo ulegevu wote na utoke kotekote, uletwe pale. Penye valvu ni pa kwanza kutoka, na wakati wa kurudisha ni pa mwisho kuingia. Mwenye kukumbuka maneno hayo machache amekwisha kujua nusu ya kazi.

Kutafuta tundu kwa desturi hutiwa mpira katika beseni la maji. Ugogo wakati wa kiangazi maji si ya kuchezea. Akina mama huyafuata mbali, na sisi yetu yalikuwa ya kunywa. Twaliutia mpira upepo kidogo, tukaupitisha polepole karibu na midomo na shavu, hata mmoja wetu akasikia baridi kama pumzi ya mtoto alalaye. Tone la mate likatoa povu, nasi tukajua ndipo. Ndipo tulipokumbuka watoto wa Buigiri, kwa maana kazi iliyofuata ilikuwa ya vidole: kuupapasa mpira wa nje kwa ndani, polepole, kuzunguka wote, kuutafuta mwiba. Kwa nje haukuonekana kitu. Kwa ndani ncha ya mbigili ilikuwa imechomoza kadiri ya punje ya uwele. Mtu asiyeutafuta mwiba, kesho huziba tena tundu lile lile.

Twaliparuza mahali pa tundu kwa jiwe, tukapaka gundi, tukangoja hata ikaacha kung'aa. Hapa wengi huharibu kwa haraka, hubandika kiraka hali gundi ni maji, nacho hutoka baada ya mwendo mfupi. Kisha twalitia upepo kidogo katika mpira wa ndani ili usijipinde, tukaurudisha mahali pake, tukaanza kuingiza ukingo upande ulioelekeana na valvu, tukishuka kwa mikono miwili. Shubiri ya mwisho ilikaza. Hapo ndipo mtu hutamani bisibisi. Twaliiacha, tukautoa ule upepo kidogo, tukarudi nyuma kuzunguka lote tukizibana kingo mferejini upya, ndipo tukaisukuma ile shubiri, si kwa ncha za vidole, bali kwa sehemu ya chini ya kiganja, pale mama asukumapo jiwe la kusagia. Ikaingia kwa mlio mdogo. Twaliisukuma valvu juu na kuivuta tena, tukatazama pande zote mbili kama mpira wa ndani haukubanwa mahali, kisha tukajaza upepo. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha uji.

Twalipokuwa tukipumzika chini ya mbuyu ule twalizungumza habari ya watu waliovumbua mambo haya. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alitengeneza gurudumu lenye mpira wa upepo kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulikuwa mwepesi na laini kuliko mipira migumu ya zamani, lakini uligandishwa kwenye gurudumu, na ukitoboka ilikuwa shida kubwa. Mwaka 1889 msafiri mmoja alifika na mpira wa namna hiyo, umetoboka, kwenye kiwanda cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin, katika mji wa Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kuutengeneza kulichukua saa tatu, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Ndugu wale wakaona ya kuwa mpira wa upepo hauna maana kwa msafiri asipoweza kuutoa na kuurudisha mwenyewe njiani. Mwaka 1891 walipata mpira wa kutolewa, na mwaka huo huo Charles Terront alishinda nao mashindano ya kutoka Paris kwenda Brest na kurudi Paris, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Na huko Uingereza, mwaka 1890, Charles Kingston Welch alikuwa amekwisha kubuni ukingo wenye waya na ringi yenye mfereji katikati, ndiyo namna tuliyoishika mikononi chini ya mbuyu.

Maneno ya yule mzee, basi, yalikuwa kweli. Shida ya mtu aliyekwama njiani ndiyo iliyozaa mpira wa kutolewa.

Lakini yafaa tuseme na upande wa pili wa habari hii. Baisikeli zilipoenea Ulaya na Marekani, mpira ulitakiwa mwingi, nao ulitoka kwa miti na mitambaazi ya misituni. Katika Kongo, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1885 mpaka 1908 kama mali yake mwenyewe, watu walilazimishwa kuuleta kwa mizani, na vijiji visivyotimiza vilipata adhabu ya kutisha. Watu waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Mwaka 1904 mwanamke mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, aliyekuwa katika kazi ya misheni huko, alipiga picha ya baba aketiye akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, na picha kama hizo zilisaidia kuamsha dunia. Twaliitazama mikono yetu iliyochafuka kwa vumbi na gundi, wala hatukusema neno kwa kitambo. Kitu kirahisishacho safari yetu leo kiliwagharimu watu wengine mikono yenyewe, na si haki kukisifu pasipo kulitaja.

Yapata saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki kilomita kama 12 kufika Kongwa, twalimkuta kijana mmoja kando ya njia, baisikeli yake imepinduliwa. Mkewe alikuwa ameketi kivulini, mtoto wa miaka miwili hivi amelala mapajani pake, amefunikwa kanga. Kijana alitusalimu kwa desturi ya huko, "Mbukwenyi!" lakini uso wake haukuwa na furaha. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku wa manane, nao walikuwa wakimpeleka hospitali ya Kongwa. Bodaboda haikupita tangu walipokwama. Hata kama ingalipita, fedha waliyo nayo ilikuwa ya dawa.

Twalitazama baisikeli yake. Alikuwa ameziba tundu la mwiba vizuri kabisa, lakini mpira wake wa nje ulikuwa mpya na mgumu, naye aliurudisha kwa ncha ya panga. Upepo haukukaa. Alipofungua mara ya pili akakuta matundu mawili kando kando, kama meno ya nyoka, mahali panga lilipoubana mpira wa ndani juu ya ringi. Akayaziba hayo, akarudisha tena kwa panga, akatoboa tena. Sasa gundi yake ilikuwa imekwisha, na mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Mmoja wetu alianza kufungua mizigo ya vitabu katika baisikeli yake, ili mama na mtoto wapandishwe hapo wapelekwe mbele. Mwingine alipaka gundi na kubandika kiraka. Lakini baba yule alikuwa amechoka na amekata tamaa, akasema, "Mpira huu ni mdogo kuliko gurudumu, ndugu zangu. Walinidanganya dukani. Hauwezi kuingia pasipo chuma."

Twalimwonyesha. Upande wa juu alipokuwa akivuta ulikuwa umekaza, lakini upande wa chini, asipopatazama, ukingo ulikuwa umekaa juu kabisa ya ukuta wa mfereji. Alikuwa akivuta bangili pasipo kukunja gumba. Basi mkewe, aliyekuwa akisikiliza, alimlaza mtoto juu ya blanketi yetu akaja. Akashika upande wa chini kwa mikono miwili, akaubana na kuusukuma mferejini, akizunguka polepole kama mtu akandaye unga, na kila alipofika alishikilia usirudi. Mumewe akaweka sehemu ya chini ya viganja penye valvu, akasukuma. Haukuingia. Mke akazunguka tena, akasema, "Bado hapa, baba, hapa pamepanda." Akapashusha. Mume akasukuma mara ya pili, na mpira ukaingia wote, wala hakuna chuma kilichougusa.

Yule aliyekuwa akifungua mizigo alikuwa bado na fundo moja.

Twaliwatilia upepo, mama akapanda nyuma na mtoto wake, nao wakaondoka kwa kasi, sisi tukifuata. Upepo ulikaa. Kesho yake asubuhi twalipita hospitali kuwajulia hali. Mtoto alikuwa amelazwa, amechomwa sindano, naye alikuwa akinywa uji kwa kijiko na kulia kwa sauti nzuri yenye nguvu. Baba yake alitusimulia ya kuwa usiku, alipokosa usingizi, alilifungua tena gurudumu lile nje ya wodi na kulifunga, ajihakikishie ya kuwa ameweza.

Sasa habari ya Kongwa. Ni mji wa wilaya, umekaa penye nchi ya wazi, na vilima kwa mbali; watu wake ni wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika. Lakini wazee hupakumbuka zaidi kwa habari ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula kwa watu wake, ikaazimu kulima karanga katika Tanganyika, ekari nyingi mno. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, mengi yake makuukuu yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita. Mibuyu na mizizi ya vichaka viliyashinda. Vyuma vya majembe vililika kwa udongo ule, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Matrekta yakaharibika kwa wingi, na karakana na vipuri havikutosha kuyatengeneza. Mvua nayo ilikuwa ile ile ya Ugogo, chache na isiyo na ahadi. Mwezi wa Januari 1951 ikatangazwa kwamba shauri lile limeachwa, na hasara yake ilikuwa paundi milioni 36 hivi.

Hatusemi ya kuwa mashine ni mbaya. Gari la wagonjwa ni mashine, na laiti lingalikuwapo njiani siku ile. Lakini Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele hapo waliijua mvua yao na udongo wao, na maarifa yao yalihesabiwa kuwa kidogo mbele ya nguvu ya vyuma. Katika njia ya vijijini tuliyopita, baisikeli ndiyo iliyobaki ikifanya kazi. Twaliziona zikibeba madumu ya maji, magunia ya mahindi, mbuzi waliofungwa miguu, na watoto watatu wa shule kwa mara moja.

Kwa sababu hiyo twawaomba neno moja ninyi akina baba. Nyumba nyingi zina baisikeli, lakini elimu yake ni ya mtu mmoja. Mama huenda nayo kisimani au kinuni. Ikipata pancha huisukuma kwa miguu kilomita nyingi, kwa kuwa ameambiwa kazi ya gurudumu ni ya wanaume au ya fundi. Twaliona wenyewe ya kuwa mikono iliyozoea jiwe na unga ilifahamu upesi kuliko mikono iliyozoea kuvuta kwa nguvu. Wafundisheni wake zenu na binti zenu. Wekeni pampu, gundi na vipande vya viraka katika kopo moja, nalo lifungwe daima kwenye baisikeli.

Nanyi walimu, gurudumu moja kuukuu darasani lafaa kwa masomo mengi. Watoto na wapime upana wa duara na mzingo wake, waone ya kuwa mzingo ni mara tatu na kidogo ya upana. Na waone kwa macho kwa nini waya usiovutika huweza kuvuka ukuta ukipewa nafasi upande wa pili. Hesabu hiyo hawataisahau.

Twajua iko mipira mipya iliyokaza mno ambayo hata mikono hodari huishinda mara ya kwanza. Iwekeni juani kidogo, ilainike; pakeni maji ya sabuni ukingoni. Ikiwa bado haitoki, tumieni mpini wa mwiko wa mti uliolainishwa, kwa kuutolea tu. Msitumie kitu chenye makali. Na mtu akikwama porini asiwe na gundi kabisa, na ajaze majani makavu ndani ya mpira wa nje, ayashindilie sana, aende polepole mpaka nyumbani. Ni mwendo wa kuchosha, lakini ringi haitapindika.

Zaidi ya hayo yote, jifunzeni kabla ya shida. Yule kijana wa Kongwa hakukosa nguvu wala bidii. Alikosa siku moja ya kujaribu akiwa hana mgonjwa wala haraka. Mwenye baisikeli na alifungue gurudumu lake leo jioni uani, watoto wakitazama, wakati mpira ni mzima na jua halijachwa.